Jiwe la Kishindo

Kiangazi kile Moscow ilivuta moshi kama mlevi aliyelala na sigara mdomoni. Ardhi ya mboji nje ya mji ilikuwa inawaka chini kwa chini, mvua hakuna, upepo hakuna, na katika nyumba yetu ya familia sita na jiko moja tulitundika mashuka mabichi madirishani, tukawa tunakohoa kwa zamu na kutukanana kwa zamu. Ndicho kiangazi ambacho Profesa Arseni Ignatyevich alilazwa. Na ndicho kiangazi ambacho sisi wote wa maabara, watu wazima na akili zetu, tulimwahidi mkewe kwamba tutamdanganya mzee mpaka afe.

Msishangae. Kwetu mgonjwa wa ugonjwa ule haambiwi. Daktari humvuta mke au mtoto ukumbini, anamnong'oneza yeye. Mgonjwa mwenyewe anaambiwa ana kidonda cha tumbo, ale uji wa shayiri, aache vitu vichachu. Kisha ukoo mzima unaingia wodini na nyuso za harusini. Ndivyo tulivyomfanyia mama yangu. Ndivyo tulivyomfanyia jirani yetu mfua chuma; yeye tulimnunulia hata viatu vya baridi, ajue kwamba tunamtarajia awe mzima theluji ikianguka. Alivivaa kitandani, maskini, akavisifu.

Mimi katika maabara nilikuwa msagaji. Unapewa punje ya jiwe, unaigandisha kwa gundi juu ya kioo, unaisaga kwa unga mkali na mafuta kwa ncha ya kidole, polepole, hadi jiwe linakuwa jembamba kuliko unywele na mwanga unapita. Hapo tunaliita slaidi, na wenye elimu wanaliweka chini ya hadubini. Ukisaga pumzi moja zaidi, jiwe limekwisha. Umebaki na kioo kitupu na aibu yako. Shule yangu mimi ni ua wa nyumba na foleni ya nyama, lakini kidole hiki mnachokiona kimesaga mwezi.

Ndiyo, mwezi wenyewe. Chombo chetu cha kwanza kilileta udongo mweusi kutoka kwenye zile tambarare za mwezi ambazo watu wanaziita bahari, ingawa tone la maji hakuna. Ndani yake tukakuta jiwe la volkano, lava safi kabisa. Siku ile Arseni Ignatyevich alicheza ngoma ukumbini na mama wa kufagia. Alikuwa na sababu. Ujana wake aliumaliza Kamchatka chini ya milima ya moto, mlipuko mmoja ukaondoka na sikio lake la kushoto, ndiyo maana sote tulizoea kusimama kuliani kwake. Aliitazama milima ya mwezi akaona ndugu za milima yake. Alifundisha hivyo maisha yake yote: mwezi ulichemka wenyewe, kutoka ndani, bahari zake na milima yake pia.

Mwezi wa Februari chombo kingine kikaleta udongo wa milimani. Mweupe-mweupe, kama unga uliochanganyika na jivu. Kabla hatujafika mbali, mzee akaanza kukonda. Mwezi wa Juni akalazwa. Kofia yake ikabaki imening'inia kwenye msumari karibu na mlango wetu, hakuna aliyethubutu kuitoa.

Aliyebaki na kazi ni Rimma Osipovna. Huyu lazima mmjue. Alikuja kutoka Leningrad baada ya mzingiro wa vita, akiwa mtoto, hana baba, hana mama, hana shangazi. Alipofika chuoni Arseni Ignatyevich alimchukua nyumbani kwake, akalala kwenye kitanda cha kukunja nyuma ya kabati la vitabu, na mke wa Profesa, Glafira Semyonovna, akamlisha mpaka mifupa ikafichika. Watu walisema mengi. Kwenye foleni ya nyama watu watasema lolote. Mimi nilimwona Rimma akimfunga mzee kamba za viatu siku alipoanza kushindwa kuinama, na ninajua kulitambua tendo la binti kwa baba yake.

Basi siku moja ya Agosti, saa ya chai, Rimma akaniita bila kuinua jicho kwenye hadubini.

"Klava, acha chai, njoo."

"Ikipoa utaipasha wewe?"

"Njoo, nakwambia."

Nikainama. Ilikuwa punje ya milimani, niliyoisaga mwenyewe jana yake.

"Unaona nini?"

"Naona uji, mtu kaumwagia njugu zilizovunjika."

Hakucheka. "Hizo njugu ni jiwe jeupe la zamani. Tazama kingo zake."

Kingo zilikuwa zimeliwa, kama donge la sukari lililochovywa kwenye chai likatolewa upesi. Na katikati ya uji kulikuwa na vidoti vinavyong'aa.

"Na vidoti hivyo?"

"Chuma. Nimevipima. Vina nikeli ndani yake, kama vimondo."

"Rimma Osipovna, sema na mimi kama unasema na mtu wa foleni."

Akavua miwani, akakaa akiishika. "Lava hupanda polepole, Klava. Vyote vilivyomo huota pamoja, kama ndugu wa tumbo moja. Hawa si ndugu. Hawa ni watu waliokutwa na bomu stesheni, kila mmoja na safari yake. Kitu kilianguka kutoka angani, kikubwa kama mlima, kwa kasi ambayo mwamba uliyeyuka palepale. Ukaruka, ukazoa vipande vya kila mahali, ukaganda navyo. Milima ile haikuchemka. Ilipigwa."

"Ni punje hii tu?"

"Karibu zote za aina hii."

Sote wawili tukaitazama ile kofia msumarini.

Sasa muelewe shida ilikuwa wapi. Mzee aliuliza. Kila siku ya kutembelea wagonjwa aliuliza: za milimani zikoje? Zoya wetu, anayetunza makopo ya sampuli, aliwahi kumjibu kwamba mashine imeharibika. Mara ya pili akasema gundi imekwisha. Mzee akamjibu, "Zoya, njiwa wangu, mwezi tumefika, gundi tumekosa?" Baada ya hapo hakuna aliyetaka kwenda.

Glafira Semyonovna akaja mwenyewe maabara, na chupa ya jemu chini ya kwapa na leso usoni kwa ajili ya moshi. Mwanamke mkubwa, sauti yake ukiisikia ghorofani unashuka.

"Hanywi supu," akasema. "Anasema mnamficha kitu. Mnamficha nini?"

Rimma akamweleza. Alieleza taratibu, hakuzunguka. Glafira Semyonovna akaiweka ile chupa mezani kwa nguvu.

"Kwa hiyo alikosea."

"Kuhusu milima, ndiyo."

"Maisha yote."

"Kuhusu milima tu, Glafira Semyonovna."

"Na wewe unataka kwenda kumwambia. Sasa. Na tumbo lile."

"Sijasema nataka. Yeye ndiye anauliza."

"Aulize! Mpelekeeni la volkano. Hamna la volkano humo kwenye makopo yenu?"

Zoya akasema kwa sauti ndogo kwamba lipo, lile la bahari, la chombo cha kwanza.

"Basi! Mpelekeeni hilo, mwambieni limetoka milimani, alitazame, afurahi, anywe supu." Kisha akamgeukia Rimma, na sauti ikashuka, ikawa mbaya zaidi. "Umekula mezani kwangu miaka yote ile, hukujifunza kusema hata uongo mmoja wa heshima? Mwambie ukweli wa jiwe, halafu ataniuliza mimi ukweli wa tumbo. Nimjibu nini? Wewe utanisaidia kumjibu?"

Rimma akaitazama ile chupa ya jemu. Alikuwa na deni kwa yule mama ambalo halilipiki, na wote wawili walilijua. Mwishowe akasema, "Tutapeleka la bahari."

Akachagua slaidi ambayo aliamini mzee hajaiona, maana ilisagwa wakati yuko mapumzikoni kwenye chemchemi za tiba, kwenye maji ya madini. Tukaomba ruhusa ya kuitoa nje ya jengo kwa ajili ya mwanasayansi mgonjwa, tukapewa baada ya sahihi nyingi na nyuso za kununa. Hadubini ndogo ya safari tukaifunga kwenye shuka, nikaibeba mimi kama mtoto.

Wodi ilikuwa ya vitanda vinne, viwili vitupu. Dirishani jua lilikuwa jekundu kama pilipili, unaweza kulitazama bila kufumba macho. Kwenye kitanda cha pili alilala dereva wa treni aliyekatwa nusu ya tumbo lakini mdomo ukabaki mzima.

"Profesa, wageni! Na mtoto wamemleta!"

"Si mtoto," nikasema, "ni hadubini."

"Basi mwite baba yake aje amchukue."

Arseni Ignatyevich alicheka, na kucheka kule kukamuumiza, nikaona. Jamani, alikuwa amebaki macho na pua. Ngozi njano kama karatasi ya kufungia samaki. Tukasimama kuliani kwake kama tulivyozoea.

"Klavdia Fominichna. Rimma. Mmeniletea?"

"Tumeleta," Rimma akasema. "Ya milimani. Imetoka wiki hii."

Sijui wenzangu mnadanganyaje. Mimi nikidanganya naongea sana. Rimma akidanganya anakuwa mfupi kama telegramu. Nikaiweka hadubini kwenye meza ya dawa, nikaelekeza kioo chake cha chini kwenye lile jua jekundu, nikamweka mzee mto mgongoni. Akainamisha jicho. Akageuza slaidi kwa kidole, kidogo kushoto, kidogo kulia. Kisha akatabasamu.

"A-a! Huyu namjua."

Akaisogeza hadubini kidogo, atuonyeshe.

"Huyu ni Mhasibu. Tazameni, hizi fuwele mbili ndefu zimekunjwa kifuani, hivi, kama mhasibu wetu ukimwomba posho ya safari. Nilipotoka kwenye maji ya madini nilikuja Jumamosi, hakuna mtu, nikawaangalia wote mliowasaga. Huyu nikamwita Mhasibu. Sikumwambia mtu, maana mwenye jina angesikia, nisingepata posho mpaka leo."

Kuzipa punje majina ilikuwa desturi yake. Tulikuwa na Mama Mkwe, tulikuwa na Shemasi, tulikuwa na Bibi Arusi wa Pili. Majina yote tuliyajua. Hili moja hatukulijua.

Dereva wa treni alikuwa mtu wa maneno lakini hakuwa mjinga. Alishuka kitandani akishika tumbo, akasema anakwenda kuvuta sigara, ijapokuwa moshi ulikuwa humo humo ndani wa bure.

Mzee akaondoa jicho kwenye hadubini. Hakuonekana amekasirika. Alionekana kama mtu anayepanga vitu kwenye rafu.

"Huyu ni wa bahari," akasema. "Mmemleta mkasema wa milimani. Kwa hiyo wa milimani si wa volkano. Hilo moja." Akapumzika. "La pili. Mtu mwenye kidonda cha tumbo atarudi kazini mwezi wa kumi. Mtu anayerudi kazini haletewi uongo kitandani, Rimma. Anasubiriwa arudi aone mwenyewe. Si ndiyo?"

Nikafungua mdomo, maana ndiyo tabia yangu; nilikuwa na maneno tayari kuhusu makopo kuchanganyika, na Zoya kuwa kipofu. Rimma akanishika mkono. Uso wake ulikuwa mweupe. Nikajua anachokiona: meza ya Glafira Semyonovna, sahani, kijiko, kitanda cha kukunja nyuma ya vitabu. Na upande wa pili yule mzee, aliyemfundisha kwamba ukiona kitu chini ya kioo, unasema ulichokiona, hata kama aliyekutuma anataka kingine.

Mzee hakumsukuma. Alingoja, sikio lake zima limetugeukia.

Rimma akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kikopo cha peremende za koo. Ndani yake, kwenye pamba, ilikuwepo slaidi ya milimani. Ruhusa tulikuwa nayo ya slaidi moja tu. Watu wamefukuzwa kazi kwa madogo kuliko hilo. Hata mimi hakuniambia. Ina maana alitoka maabara na vyote viwili, uongo mkononi na ukweli mfukoni, na hakujua atatoa kipi.

"Hii ndiyo," akasema.

Mzee akainama tena. Safari hii alikaa. Nilisikia magari barabarani, nilisikia muuguzi akigombana na mtu kuhusu bakuli. Kidole chake kiligeuza slaidi, kikasimama, kikageuza. Jua lilishuka kidogo ikabidi nirekebishe kioo cha chini, na sikuthubutu kumgusa, nikafanya hivyo nikiwa nimezuia pumzi.

"Hivi vipande vimeungua kingo," akasema mwishowe, jicho bado hapo.

"Ndiyo."

"Chuma?"

"Kina nikeli."

"Aha." Akaigeuza tena slaidi. "Na uji umeganda kwa haraka, haukupata nafasi ya kuota. Hakuna mlima wa moto unaofanya hivi. Nimekaa nao, nawajua, hawana haraka hii." Akaegemea mto wake, akafumba macho. Machozi yalitoka kwenye kona, yakaenda masikioni, hakuyafuta. "Uzuri wake," akasema. "Mungu wangu, uzuri wake. Na mimi nilikuwa natafuta jiko."

Rimma alipiga magoti kuliani kwake, kwenye sakafu ile yenye harufu ya klorini. "Nisamehe, Arseni Ignatyevich."

"Kwa lipi? Kwa Mhasibu, ndiyo, nimekusamehe. Kwa huyu, hapana, huyu haombewi msamaha." Akafumbua macho. "Sikiliza. Mtapima umri. Kila mtu atataka umri: lini kilianguka. Kuyeyuka kunafuta umri wa jiwe, linaanza kuhesabu upya siku ile. Lakini hizi njugu hazikuyeyuka zote. Zenyewe zinakumbuka ya zamani. Mkizisaga pamoja na uji mtapata umri ambao si wa yeyote. Klavdia Fominichna atazichomoa kwa sindano, moja moja. Uji peke yake, njugu peke yake. Umesikia, Klava?"

"Nimesikia. Macho yangu utayalipa wewe?"

"Mwambie Mhasibu." Kisha akamuuliza Rimma, bila kubadili sauti, kama anayeuliza habari ya slaidi nyingine. "Nina muda gani?"

Rimma akamtazama. "Daktari alisema majani yakianguka."

"Nani anajua?"

"Sote."

"Na Glasha wangu?"

"Yeye ndiye aliyeambiwa kwanza."

Hapo ndipo uso ulipombadilika. Habari ya mauti aliipokea kama barua aliyokuwa akiitarajia, lakini hii ilimchoma. "Kwa hiyo tangu Juni anakuja hapa na supu, anacheka, anarudi nyumbani peke yake na jambo hili." Akajaribu kukaa, akashindwa. "Niitieni Glasha. Na huyu mumpe jina, haiwezekani akae bila jina. Mwiteni Kishindo."

Glafira Semyonovna alikuwa tayari anapanda ngazi na mtungi wake wa supu. Tulikutana naye mlangoni. Aliutazama uso wa Rimma, akautazama wangu, akapita. Mlango ukafungwa.

Tulikaa ukumbini kwenye benchi, mimi na hadubini mapajani, dereva wa treni kando yetu anatupa sigara moja anawasha nyingine. Kwanza tulisikia sauti yake mama, kubwa, bila maneno. Kisha ya mzee. Kisha kwa muda mrefu hatukusikia kitu, na dereva akasema, "Mke wangu naye ananichekea sana siku hizi."

Mlango ulipofunguka, Glafira Semyonovna alikuwa mkavu macho, leso mkononi imekamuliwa.

"Nani kamwambia?"

Ningeweza kusema Mhasibu. Nusu yake ingekuwa kweli. Lakini Rimma alisimama.

"Mimi."

Yule mama akamtazama kutoka juu hadi chini kama anayemtazama mtu aliyevunja sahani ya urithi. Kisha akashuka ngazi, mtungi wa supu kausahau ndani. Tangu siku ile hakusema naye. Walipishana wodini kila siku ya kutembelea. Mmoja akiingia mwingine anatoka. Rimma alipeleka vipimo, mzee akavisahihisha kwa penseli, akatuma maagizo. Mimi nilikaa maabara na sindano, nachomoa njugu kwenye uji wa mwezi, natukana.

Mvua ilinyesha mwezi wa Septemba. Moshi ukalala chini, watu wakatoka nje wakalowa makusudi. Arseni Ignatyevich alifariki majani yakiwa bado njano juu ya miti.

Karamu ya maziko ilifanyika kwao, kwenye kile chumba chenye kabati la vitabu. Ngano iliyochemshwa kwa asali, chapati za maji, samaki. Gilasi ya marehemu imejazwa vodka na kufunikwa kipande cha mkate, kama ilivyo desturi. Maabara nzima ilikuja, hata mhasibu wetu mwenyewe alikuja, alilia kuliko wote na hakuna aliyeweza kumtazama. Rimma alisimama karibu na mlango, koti hajavua, kama mtu anayengoja kufukuzwa.

"Wewe," Glafira Semyonovna akaita kutoka kichwani mwa meza, na chumba kikanyamaza. "Njoo ukae hapa."

Rimma akaja. Akakaa pale alipokuwa akikaa usichanani mwake, mgongo kwa kabati.

"Nilikuwa nimejipanga kutabasamu mpaka mwisho," Glafira Semyonovna akasema. Alisema na yeye peke yake, lakini sauti yake mnaijua, tulisikia sote. "Mashavu yalikuwa yananiuma usiku. Halafu wewe ukamwambia, na yule mtu, ambaye maisha yote aliniambia habari za mawe tu, akaanza kuongea. Ameniambia anapotaka kulala. Ameniambia habari ya mtoto wetu aliyezaliwa mfu, ambayo hatukuigusa tangu vita. Ameomba radhi kwa miaka ya Kamchatka, nilipobaki peke yangu." Akapangusa mdomo. "Ningeyakosa hayo yote. Ningebaki na supu."

Kisha akamkazia Rimma macho.

"Sijakusamehe bado. Usidhani."

"Sidhani, Glafira Semyonovna."

"Vua koti. Umekonda."

Akachukua chapati mbili, akazikunja, akamwekea kwenye sahani, akasogeza na bakuli la asali. Akangoja, mikono kifuani, mpaka Rimma alipoanza kula.